Mizani Mbili za Papa Séraphin

Ilikuwa siku ya Jumamosi, tarehe nane, mwezi wa Machi, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Jua la mwisho wa majira ya baridi lilikuwa likichungulia juu ya maghorofa ya Anderlecht, huko Brussels, Ubelgiji, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Watu walikuwa wamefungua madirisha, mablanketi yalikuwa yamening'inizwa kwenye roshani yapate hewa, na katika nyumba ya Papa Séraphin harufu ya vitumbua ilikuwa imeshafika hadi kwa majirani wa ghorofa ya tatu.

Papa Séraphin alikuwa mzaliwa wa Likasi, Kongo, mtu mpole, mwembamba kama uzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti katika majengo marefu yaliyo kando ya stesheni ya Gare du Nord. Siku tano za juma mikono yake ilishughulika na mota, kebo na nati. Siku ya sita alikwenda kwenye chama cha walenga shabaha, akalala kifudifudi juu ya mkeka, akalenga karatasi iliyo mbali mita mia moja. Alikuwa na kibali cha serikali, bunduki yake ilifungiwa katika kabati la chuma, na ufunguo wa kabati hilo hakuwa nao mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amemaliza mafunzo ya kujaza upya maganda ya risasi. Walenga shabaha wengi hufanya hivyo: ganda la shaba lililokwisha kutumika husafishwa, hutiwa baruti mpya iliyopimwa, kisha huwekewa risasi mpya. Anayejijazia mwenyewe hupunguza gharama, na zaidi ya hayo hupata risasi zinazofanana kama mapacha, kila moja ikienda ilikokwenda nyingine. Papa Séraphin alitamani kushindana baada ya Pasaka kwa risasi za mkono wake mwenyewe. Vyombo vyote alikuwa navyo tayari katika chumba cha chini ya nyumba. Kilichobaki kilikuwa mizani.

Hapo ndipo mkewe, Maman Thérèse, alipokuwa ameweka sharti lake.

"Papa Tatiana," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao kama ilivyo desturi, "mi sikatazi muntu muchezo wake. Lakini baruti haiko chumvi. Chumvi ikizidi, tunamwanga mboga. Baruti ikizidi, tutamwanga nini? Vidole?"

"Njo maana minatafuta mizani ya muzuri, Maman Tatiana."

"Bon. Tafuta. Lakini siku ile mizani itadanganya, mara moja tu, bile byombo byote binatoka kule chini. Byote! Na wewe utabaki na muchezo wa karata."

Papa Séraphin alijua kwamba mkewe hatanii. Miaka michache iliyopita alikuwa amemwonya mara moja kuhusu ngoma zake zilizokuwa zikiwaamsha majirani; onyo la pili halikutolewa. Alirudi kazini akakuta ngoma zimekwishafika parokiani na padri ameshazibariki.

Basi alianza kutafuta. Rafiki yake wa chamani, Yusufu, Mrundi wa Bujumbura aliyekuwa akiwahudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, alimshauri kwa maneno machache.

"Mzee Séraphin, nenda kwenye kile kiduka kilicho nyuma ya soko la machinjioni. Uliza ile mizani ndogo ya kijivu. Mimi ninayo mwaka wa nne."

Papa Séraphin akaenda. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kibelgiji ambaye hata hakuinua macho kutoka kwenye gazeti lake. Mizani yenyewe ilikuwa rafuni baina ya betri na balbu, haina sanduku la kupendeza, imefanana na kipande cha sabuni. Bei yake ilikuwa trente-cinq, yaani euro thelathini na tano.

"Ina sifa gani?" Papa Séraphin aliuliza kwa Kifaransa.

"Inapima," mzee akajibu.

"Na tena?"

"Na tena inapima. Ukiona haipimi, irudishe kabla mwezi huu haujaisha."

Papa Séraphin aliichukua, lakini moyo wake haukutulia. Njia nzima ndani ya metro alikuwa akijiuliza: kitu ambacho hata mwenye kukiuza hakisifu, je, kinaweza kuwa kitu?

Wasiwasi huo ulipata mbolea Jumamosi ile ya vitumbua, kwa sababu saa nne asubuhi kengele ya mlango ililia, na aliyeingia alikuwa Hénock.

Hénock alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Maman Thérèse. Aliuza suti, marashi, simu na sufuria zisizoshika ukoko. Ulimi wake ulikuwa laini kama mafuta ya mawese, na ungeweza kumshawishi samaki anunue maji. Kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akiuza mizani ya kisasa. Kila alfajiri aliisifu kwa sauti yake katika kundi la simu la watu wa Katanga walioko Brussels. Aliipeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Aliipeleka kwa kinyozi. Mwezi uliopita aliifungua katikati ya karamu ya ubatizo, wali ukiwa bado mezani.

"Yaya Séra!" alisema, kwani kwao kaka au dada mkubwa ndiye yaya, hata kabla ya kuvua koti. "Nimesikia umeenda kununua kasabuni kule machinjioni. Yaya, haya! Fundi muzima kama weye!"

"Karibu, Hénock. Keti kwanza."

"Nitaketi namna gani na wewe uko mu hatari?"

Akafungua sanduku lililofunikwa kwa mahameli mekundu. Ndani yake mlikuwa na mizani nyeusi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Alipoigusa, uso wake wa kioo uliwaka mwanga wa buluu, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kifaransa cha madaha: "Bonjour."

"Unasikia? Inasalimia!" Hénock alisema. "Ile yako inasalimiaka?"

"Haisalimii," Papa Séraphin alikiri.

"Voilà. Hii iko cent nonante, euro mia na tisini, lakini kwako wewe, kwa ajili ya damu yetu, cent cinquante, mia na hamsini. Lete ile ingine tuzipimanishe, macho yako yajionee."

Pa kuzipimanisha hapakuwa na mahali pengine ila jikoni. Pembeni mwa jikoni palikuwa na jokofu la kulala, refu, la kufunguliwa kwa juu, lenye kujaa sombe ya majani ya muhogo, samaki na nyama ya mbuzi ya kuwatosha wageni wa mwaka mzima. Wakongo wengi wa mji ule wanalo jokofu kama hilo, na mara nyingi ndilo meza ya pili ya nyumba. Juu ya jokofu la Maman Thérèse, lililotandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, ziliwahi kuwekwa keki za sikukuu, masanduku ya safari na daftari za Tatiana. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri mara mbili. Mizani zote mbili zikawekwa hapo, bega kwa bega.

Hénock alivua pete yake ya ndoa akaidondosha juu ya mizani nyeusi. "Quatre grammes vingt et un," ile sauti ikatangaza, yaani gramu nne nukta mbili moja, na tarakimu zikasimama imara kama askari wa gwaride.

Kisha pete ikawekwa juu ya mizani ya kijivu. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Nne nukta mbili moja mbili. Nne nukta mbili moja tisa. Nne nukta mbili sifuri saba. Hazikukubali kutulia.

Hénock alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaya, hii iko na malaria! Angalia vile inatetemeka! Uipatie kidonge, ilale!"

Papa Séraphin alijisikia mdogo kama punje ya ulezi. Alijaribu mara ya pili, na ya tatu. Kila mara mizani ya kijivu ilitetemeka na ile nyeusi ikatulia. Aliwaza sharti la mkewe. Aliwaza vyombo vyake vikipandishwa ngazi kimoja kimoja. Afadhali alipe zaidi, alisema moyoni, kuliko apoteze yote. Akatoa simu yake mfukoni ili amlipe Hénock.

"Ngojeni kwanza."

Maman Thérèse alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono imejaa unga. Muda wote huo alikuwa akigeuza vitumbua na masikio yake yakifanya kazi nyingine.

"Nani alipima?" aliuliza.

"Mimi, yaya Thérèse," Hénock alijibu.

"Na mizani ni ya nani?"

"Ya mi."

"Alors, hakuna aliyepima bado."

Ni vizuri msomaji ajue kwamba Maman Thérèse, kabla ya kuja Ulaya, aliuza dagaa kwa miaka tisa katika soko la Lubumbashi. Wanawake wa soko lile walikuwa na kanuni yao: mizani ya mtu haijaribiwi na mwenyewe, na wala haijaribiwi kwa mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa kila mizani huuona. Mizani ya haki ni ile inayokiona kiganja kimoja cha dagaa kilichoongezwa polepole. Kwa hiyo wao walimimina kwanza, kisha wakaongeza kidogo kidogo huku wakikazia macho mshale.

Alinawa mikono, akaifuta kwa kitenge chake, akatoa kabatini kikopo cha ufuta.

"Papa Tatiana, ile baruti unatiaka yote kwa mara moja?"

"Hapana. Unatia karibu yote, kisha unadondosha chembe kwa chembe mpaka kipimo kitimie."

"Njo vile minataka kusikia."

Akaiweka pete juu ya mizani nyeusi. "Quatre grammes vingt et un," ikasema. Akachukua mbegu moja ya ufuta kwa ncha ya kidole akaiweka kando ya pete. Kimya. Akaweka ya pili. Kimya. Akaendelea taratibu, akihesabu kwa sauti, naye Hénock akasogea karibu. Mbegu kumi: kimya. Mbegu ishirini: kimya.

"Huyu madame amelala?" Maman Thérèse aliuliza.

"Ufuta ni mwepesi mno, yaya," Hénock alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua chumvi.

Zilipofika mbegu arobaini, tarakimu zilikuwa zilezile. Maman Thérèse akainua kisahani cha mizani pamoja na vyote vilivyokuwamo, akasubiri, kisha akakirudisha kwa mara moja.

"Quatre grammes trente-trois," ile sauti ikatangaza bila aibu yoyote: nne nukta tatu tatu.

Pete ilikuwa ileile, ufuta ulikuwa uleule, lakini jibu lilikuwa jingine. Papa Séraphin akairudisha simu mfukoni. Angedondosha baruti chembe kwa chembe, mizani ingemwambia kila mara kwamba bado, bado, naye angeongeza, akaongeza tena, mpaka ganda lijae kuliko bunduki inavyoweza kustahimili. Na uso wake ungekuwa karibu kabisa na bunduki hiyo.

"Mama yangu," alinong'ona.

"Bon," Hénock alisema, akijaribu kujinusuru, "yangu imeshindwa. Lakini na yako pia inatetemeka! Donc zote mbili ni wagonjwa. Tafuta ya tatu, yaya, na mi nitakutafutia…"

Hakumaliza. Jokofu lilikoroma, likatikisika kidogo, likazima, kama yafanyavyo majokofu yote yakishapata baridi ya kuyatosha. Na hapohapo tarakimu za mizani ya kijivu zikatulia tuli kama maji ya mtungini. Sifuri. Sifuri nukta sifuri sifuri sifuri.

Wote watatu waliitazama mizani. Kisha wakalitazama jokofu. Kisha Maman Thérèse na Hénock wakamtazama Papa Séraphin, fundi wa lifti kwa miaka kumi na saba.

"Usiseme kitu," Papa Séraphin alisema.

"Sijasema," mkewe akajibu.

"Unataka kusema."

"Minataka kusema kidogo tu," Maman Thérèse alijibu, huku kicheko kikimponyoka. "Fundi wa mota ameweka mizani juu ya mota!"

Walicheka wote, na Papa Séraphin akacheka kuliko wote, kwani aibu ikichekwa na mwenyewe hupungua uzito. Wakaihamisha mizani ya kijivu kwenye ukingo wa dirisha, uliokuwa wa jiwe, wakafunga dirisha upepo usipite. Pete ikawekwa: nne nukta mbili moja nne. Ikaondolewa na kuwekwa mara tatu. Mara tatu jibu likawa moja. Maman Thérèse akaongeza mbegu moja ya ufuta. Tarakimu zikapanda. Akaongeza ya pili, zikapanda tena. Kila mbegu ilijibiwa, kama mama mwenye watoto wengi ambaye hata hivyo humsikia kila mmoja akiita. Na arobaini zilipotimia, akainua kisahani na kukirudisha kwa mara moja, jibu halikubadilika hata kidogo.

"Kumbe," Maman Thérèse alisema polepole, "ilikuwa inatetemeka sababu ilikuwa inasikia. Ile ingine ilitulia sababu haisikiaka kitu."

Akageuka, akatwaa kitumbua cha kwanza kutoka sahanini na kumpa mumewe.

"Alors, shuka kwa byombo byako. Nimekubali. Lakini usiiweke tena karibu na mashini, na simu yako iache huku juu."

Papa Séraphin alifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Lakini Hénock hakuwa akisikiliza. Uso wake ulikuwa umesawijika ghafla.

"Abdul-Aziz," alisema.

"Nani?"

"Abdul-Aziz wa Molenbeek. Yuko mu chama chako, yaya. Jumatano nilimuuzia moja. Aliniambia ni ya baruti."

Hapo mzaha uliisha. Hénock alipiga simu palepale. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili haikupokewa. Maman Thérèse alikuwa ameanza kusali chini kwa chini, simu ilipopokewa mara ya tatu, nayo sauti nzito ikajaa jikoni.

"Assalamu alaikum, Hénock! Leo unauza nini?"

"Ndugu yangu, mikono yako iko mizima?"

"Mikono yangu? Imeshika chai. Kwa nini?"

"Ile mizani! Umekwisha kuipimia baruti?"

Abdul-Aziz aliangua kicheko. "Baruti wapi! Mke wangu Warda kaisikia inasema Kifaransa, kaninyang'anya palepale. Anapimia zafarani na iliki dukani. Mimi hata sijaigusa."

Hénock aliketi chini, sakafuni, na machozi yakamtoka. "Mwambie aiache. Anatia kidogo kidogo, haioni. Inadanganya."

Kisha wakamsikia Abdul-Aziz akipaza sauti: "Warda! Njoo usikie kwa nini wateja wamezidi na zafarani imekwisha!"

Jumatatu iliyofuata Hénock alianza kuzunguka tena. Alipita milango ileile aliyoipita mwanzo: kwa kinyozi, kwa wanakwaya, kwa Abdul-Aziz, na katika nyumba ya ile karamu ya ubatizo. Safari hii hakuwa na maneno matamu. Aliwarudishia watu pesa zao, akazipokea mizani zake, akaziweka ndani ya mfuko wa plastiki. Katika kundi la simu alituma ujumbe mfupi kuliko wote aliowahi kutuma: "Mizani ile haifai. Nisameheni." Wengine walimcheka, lakini wengi walimheshimu kuliko zamani.

Mizani ya kijivu nayo haikusifiwa na mtu. Warda aliiona kwa macho yake jikoni kwa Maman Thérèse, akaenda nyuma ya soko la machinjioni. Pétronille wa kwaya, mpishi wa keki, aliiona kwa Warda, naye akaenda. Kabla ya Pasaka rafu yenyewe ilikuwa tupu, na waliochelewa waliandika majina yao kwenye karatasi ya kusubiri.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka mashindano yalifanyika. Hénock alikuja kushangilia, akaketi nyuma pamoja na Maman Thérèse. Papa Séraphin alikuwa wa tatu kati ya watu ishirini na wawili, na matundu yake matano katika karatasi yangeweza kufunikwa kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kijana mmoja wa Kibelgiji alisogea, akaitazama karatasi ile kwa mshangao, akauliza ni nani aliyejaza risasi hizo, na kwa mizani gani.

Papa Séraphin alikuwa akikunja mkeka wake, kwa hiyo aliyeulizwa alikuwa Hénock. Hénock alijisafisha koo. Alinyoosha kola ya suti. Alifungua kinywa, na Maman Thérèse akafumba macho kwa hofu ya hotuba inayokuja.

"Njoo siku moja," Hénock alisema, "uijaribu mwenyewe."

Kisha akafunga kinywa chake.

Msomaji mwema, ukimaliza kusoma hadithi hii usiifungie sandukuni. Msomee jirani asiyejua kusoma, mpe mwenzako anayetaka kununua kitu kwa sababu tu kimesifiwa sana, naye ampe mwingine, ili wote wajue ya kuwa wahenga hawakukosea waliponena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.